Mbona Mwezi umejaa mashimo na Mara hakuna hata moja?

Ukimwomba mtu wa Mara akutajie kreta moja, jibu litakuja haraka: Ngorongoro. Haiko mbali sana, na watalii wanaijua kwa jina hilohilo la kreta. Ila Ngorongoro haikuchimbwa na jiwe kutoka angani. Pale palikuwa na mlima mkubwa wa volkano. Kati ya miaka milioni 2 na 3 iliyopita, uji wa moto uliokuwa chini yake ulipungua, kilele kikakosa cha kukishikilia, kikaporomoka ndani. Likabaki shimo lenye upana wa kilomita 19 hivi. Shimo la namna hiyo linaitwa kaldera.

Leo nataka tuzungumzie kreta za aina ya pili, zile zinazochimbwa na mawe yanayotoka angani. Hizi Mwezi unazo nyingi mno. Mwaka 2010 watafiti waliotumia vipimo vya chombo cha Marekani kiitwacho LRO walihesabu kreta 5,185 zenye upana wa kilomita 20 au zaidi, na hapo hawajagusa ndogondogo, ambazo ni mamilioni. Sasa anzia Kenyamonta, vuka mto Mara uende Nyamongo, panda Tarime hadi mpaka wa Kenya. Hutakuta hata moja iliyothibitishwa. Wala Tanzania nzima haina.

Je, sisi tulikwepa? Hapana. Uso wa Dunia una eneo zaidi ya mara 13 ya uso wa Mwezi, na uvutano wetu ni mkubwa zaidi. Kama mawe yalikuwa yanaruka huku na huku katika mfumo wa jua, basi sisi ndio tuliopigwa zaidi. Swali la kweli ni hili: makovu yetu yalikwenda wapi? Na kwa kuwa hatunayo, tunawezaje kujua kilichotupata? Twende taratibu. Mwishoni utaona kwamba jambo hili linagusa hata ile dhahabu ya Nyamongo.

Jiwe la kilomita 20 kwa sekunde

Wengi wetu tunadhani kreta inatokea kama vile ukidondosha jiwe kwenye tope: jiwe linazama, shimo linabaki. Kumbe sivyo. Asteroidi, yaani yale mawe makubwa yanayolizunguka jua, hugonga kwa kasi ambayo kwa kawaida ni kama kilomita 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ungetoka Musoma ukafika Mwanza kwa sekunde 11 hivi. Hata risasi ya bunduki ni konokono ukiilinganisha na hilo.

Kitu kinachokwenda namna hiyo kinabeba nguvu ya kutisha. Kilo moja tu ya jiwe, kwa kilomita 20 kwa sekunde, ina nguvu sawa na kilo 48 hivi za baruti ya TNT. Likigonga, jiwe halipati muda wa kuzama. Wimbi la mgandamizo linapita ndani yake na ndani ya ardhi kwa wakati mmoja, na jiwe lenyewe karibu lote linayeyuka au linageuka mvuke. Kwa hiyo kinachochimba shimo ni mlipuko. Ndiyo maana kreta nyingi za Mwezi ni duara hata pale jiwe lilipokuja kwa mshazari. Wachimbaji wanalijua hili: baruti haijali umeiingiza kwa upande gani, ikilipuka inasukuma kote.

Baada ya mlipuko, udongo na mawe yanarushwa nje na kuanguka pembeni, yakitengeneza ukingo ulioinuka na blanketi la vifusi kuzunguka shimo. Mashimo madogo hubaki kama bakuli. Yakiwa makubwa, sakafu hurudi juu, kama tone la maziwa likidondoka kwenye kikombe kilichojaa: pembeni panazama, katikati panachomoza. Mwamba ukigandia katika hali hiyo, unapata kreta yenye mlima katikati. Kreta iitwayo Tycho, yenye upana wa kilomita 85, iko hivyo. Ingetua huku kwetu ingemeza Tarime, Kenyamonta na Mugumu kwa pamoja.

Na Tycho ni ndogo. Makubwa zaidi hatuyaiti kreta tena, tunayaita mabeseni. Beseni la Imbrium lina upana wa kilomita 1,145 hivi, ambao unakaribia umbali wa kutoka Musoma hadi Mtwara kwa ndege. Upande wa Mwezi ambao hatuuoni kutoka hapa kuna beseni la Ncha ya Kusini–Aitken, kama kilomita 2,500 kwa upana. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya umbali kutoka Kenyamonta hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka.

Uwanja usiofagiwa

Sasa turudi kwenye swali la makovu yetu. Fikiria viwanja viwili vya nyumba wakati wa kiangazi, vyote vimejaa vumbi. Mvua inadondosha matone machache kisha inaacha. Kila tone limeacha kishimo. Kwenye uwanja wa kwanza mama anafagia kila asubuhi. Uwanja wa pili ni wa nyumba iliyohamwa, hakuna anayeugusa. Ukipita baada ya wiki, ni uwanja gani utakaokuambia kwamba mvua ilinyesha?

Dunia ni ule uwanja unaofagiwa. Mvua inalainisha kingo, mito inabeba udongo, mizizi inapasua mawe, volkano zinamwaga uji mpya juu ya ule wa zamani. Na kuna ufagio mkubwa kuliko yote: mabamba ya gamba la Dunia yanayosogea, yanayosukumana na kuzamishana hadi mwamba wa zamani unarudi chini kuyeyushwa upya. Mwezi hauna mvua, hauna mto, hauna hewa ya maana, na volkano zake karibu zote zilizima zamani sana. Shimo lililochimbwa pale miaka bilioni 3 iliyopita bado lipo. Litaondoka tu likipigwa na jingine.

Mpaka leo kreta zilizothibitishwa duniani kote ni karibu 200 tu. Iliyo jirani nasi ni Luizi, kule Katanga nchini Kongo, yenye upana wa kilomita 17 hivi, iliyothibitishwa mwaka 2011. Kubwa kuliko zote zinazojulikana ni Vredefort, Afrika Kusini. Ilichimbwa miaka bilioni 2 hivi iliyopita, na imeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba tunachokiona leo ni mizizi ya shimo tu.

Utaniuliza: na Kimondo cha Mbozi je? Ni kweli, kile ni jiwe la angani hasa: chuma kitupu na nikeli kidogo, tani 16 hivi, kimelala kule Songwe. Lakini hakina kreta. Mawe ya kiasi kile hupunguzwa mwendo na hewa yetu kabla ya kufika chini, kwa hiyo hayalipuki kama yale makubwa. Mwezini hakuna hewa ya kupunguza chochote. Hata punje ya mchanga inafika na kasi yake yote.

Halafu kuna suala la umri. Mawe ya Mara si ya leo wala ya jana. Yale majabali unayoyaona kuanzia Musoma hadi Serengeti, pamoja na miamba ya kijani yenye dhahabu ya Nyamongo, ni sehemu ya kiini cha kale cha nchi yetu ambacho wanajiolojia hukiita Kratoni ya Tanzania. Miamba ya ukanda wa Mara ina umri wa miaka bilioni 2.7 hivi. Ni mikongwe kwa kipimo chochote cha kawaida. Lakini Mwezi na Dunia vina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi, na mapigo makubwa yale yalikwisha zamani zaidi ya bilioni 3.8. Yaani mawe mazee kabisa unayoyakanyaga Kenyamonta yalizaliwa vita vikubwa vimekwisha kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Hayawezi kuwa shahidi wa jambo ambalo hayakulikuta.

Shahidi ni Mwezi.

Kusoma makovu

Tunausomaje? Kwanza kwa kuangalia nani kamkanyaga nani. Wewe uliyewahi kupeleka mifugo joshoni unaijua hesabu hii. Ukiona kwenye tope kwato ya ng'ombe imekanyaga juu ya kwato ya mbuzi, unajua mbuzi walitangulia. Kreta iliyokata ukingo wa kreta nyingine ni changa kuliko hiyo nyingine. Kwa njia hii tu, bila kugusa jiwe hata moja, watu walishaweza kupanga historia ya Mwezi kwa mfuatano kabla ya binadamu kutua kule.

Pili kwa kuhesabu. Uwanja uliokaa muda mrefu mvuani una vishimo vingi kuliko ulioanikwa jana. Sehemu nyeupe za Mwezi, zile nyanda za juu, zimejaa kreta juu ya kreta. Mabaka meusi yana kreta chache zaidi. Kwa hiyo meusi ni machanga. Na ndivyo ilivyo: yale mabaka, ambayo watu wa kale wa Ulaya waliyaita bahari, ni uji wa volkano uliojaa ndani ya mabeseni baada ya mabeseni yenyewe kuchimbwa, mwingi wake kati ya miaka bilioni 3.9 na 3.1 iliyopita.

Lakini kuhesabu kuna mipaka miwili. Wa kwanza: idadi ya vishimo haikuambii miaka mpaka ujue matone yalikuwa yanadondoka kwa kasi gani. Unahitaji angalau viwanja vichache ambavyo umri wake umeupata kwa njia nyingine, ndipo uweke alama kwenye saa yako. Wa pili: mvua ikizidi, kila tone jipya linafuta kishimo cha zamani. Hapo uwanja umeshiba. Unaweza kuuacha saa nzima zaidi na idadi isiongezeke. Nyanda za juu za Mwezi ziko karibu na hali hiyo. Mwaka 2012 vyombo viwili vya mradi wa GRAIL vilipima uvutano wa Mwezi na kuonyesha kwamba gamba lake limepasuliwapasuliwa hivi kwamba, kwa wastani, karibu asilimia 12 yake ni nafasi tupu kwenye nyufa. Limetwangwa kweli.

Ndiyo maana picha peke yake haitoshi. Tunahitaji mawe yenyewe.

Jiwe lililookotwa Oman

Kati ya 1969 na 1972, safari sita za Apollo zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Mawe mengine yanakuja yenyewe. Mwezi ukipigwa, vipande vingine hurushwa kwa kasi inayoweza kuushinda uvutano wake, vikazurura angani na mwishowe baadhi vikaangukia huku. Tatizo ni kuviona. Huku Mara jiwe kama hilo lingemezwa na nyasi, tope na kutu ndani ya muda mfupi. Jangwani ni tofauti, na mojawapo ya sehemu nzuri duniani za kuokota vimondo ni Oman, nchi ambayo wasomaji wetu wengi wa Pwani na Visiwani wana ndugu huko.

Januari 2002, kwenye tambarare la Sayh al Uhaymir, timu ya watafiti wa Uswisi na Oman iliokota jiwe la kijivu la gramu 206 hivi, dogo kuliko ngumi yako. Likapewa jina SaU 169. Mwaka 2004 Edwin Gnos na wenzake, akiwemo Mwomani Ali Al-Kathiri, walichapisha historia yake kwenye jarida la Science. Jiwe lile lilikuwa na mengi ya kusimulia.

Ndani yake mna vichembe vya zirikoni. Zirikoni ni kifuu kigumu ajabu. Inapogandia kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka inakubali kupokea urani, lakini madini ya risasi inayakataa karibu kabisa. Baadaye urani inageuka kuwa risasi, kidogokidogo, kwa mwendo tunaoujua vizuri: nusu ya aina kuu ya urani hugeuka kwa miaka bilioni 4.47. Kwa hiyo risasi yoyote utakayoikuta ndani ya zirikoni imezaliwa humohumo. Pima kiasi cha urani na cha risasi, utajua mwamba uliganda lini.

Mwamba wa SaU 169 uliyeyushwa na pigo, na saa yake ilisoma miaka bilioni 3.909. Jiwe hilo pia lina thoriamu nyingi isivyo kawaida. Ramani ya thoriamu ya Mwezi, iliyochorwa na chombo cha Lunar Prospector mwishoni mwa miaka ya 1990, inaonyesha kwamba wingi wa namna hiyo uko upande wetu wa Mwezi, kuzunguka Imbrium. Watafiti wakahitimisha kwamba pigo lililoliyeyusha ni lile lililochimba Imbrium. Kisha likapigwapigwa na mapigo madogo, moja miaka bilioni 2.8 hivi iliyopita, jingine milioni 200 hivi. Likarushwa kutoka Mwezini katika miaka 340,000 ya mwisho, na likaangukia mchanga wa Oman karibu miaka 9,700 iliyopita. Fikiria historia yote hiyo kwenye kitu unachoweza kukiweka mfukoni.

Dhoruba moja au mvua ndefu?

Sasa tunafika kwenye ugomvi wenyewe, ambao haujaisha.

Mawe ya Apollo yalipopimwa, mengi yaliyoyeyushwa na mapigo yalitoa umri uleule: karibu miaka bilioni 3.9. Mwaka 1974 Fouad Tera na wenzake wa taasisi ya Caltech wakasema: hapa palitokea janga. Mwezi ulikuwa umetulia, halafu ghafla, miaka bilioni 3.9 iliyopita, ikaja dhoruba ya mawe iliyochimba mabeseni mengi ndani ya muda mfupi. Mwaka 2005 kundi jingine likapendekeza chanzo: sayari kubwa za nje, kama Jupita na Zohali, zilibadilisha njia zao na kuyavuruga mawe yaliyokuwa yametulia. Hadithi ikakamilika, ikaingia kwenye vitabu vingi vya kiada.

Ila kulikuwa na kasoro. Safari zote sita za Apollo zilitua upande wetu wa Mwezi, na si mbali sana na Imbrium. Pigo lile lilirusha vifusi mbali mno. Ni kama unataka kujua bei ya vitunguu Tanzania nzima, unawauliza wauzaji sita, wote wanakupa bei ileile, nawe unashangilia kwamba nchi nzima ina bei moja. Baadaye unagundua wote sita walishusha mzigo kutoka lori moja. Majibu sita yanaweza kuwa jibu moja lililorudiwa mara sita. Hata jiwe letu la Oman lilitoka kwenye lori hilohilo.

Ili kuvunja ubishi ilibidi kwenda soko jingine. Juni 2024 chombo cha China, Chang'e-6, kilitua upande wa Mwezi usioonekana kutoka Duniani, ndani ya lile beseni la Ncha ya Kusini–Aitken, kikarudi na gramu 1,935 za udongo. Kilikuwa chombo cha kwanza kuleta chochote kutoka upande huo. Mwaka 2025 watafiti wa China walitangaza kwamba vipande vya mwamba ulioyeyushwa na pigo lililochimba beseni hilo vina umri wa miaka bilioni 4.25. Wengine waliosoma vimondo vya Mwezi wamepata umri mkubwa kidogo, karibu bilioni 4.3. Kwa vyovyote, kati ya beseni hili na Imbrium kuna zaidi ya miaka milioni 300.

Hilo linaipa nguvu picha ya pili: kwamba hakukuwa na dhoruba moja ya ghafla, bali mvua ndefu iliyoanza kwa kishindo Mwezi ulipozaliwa na kupungua polepole, na Imbrium ikawa miongoni mwa matone makubwa ya mwisho. Leo watafiti wengi wameegemea huko. Mimi pia naona ushahidi unaelekea upande huo, ingawa beseni moja lililopimwa vizuri upande wa mbali bado ni ushahidi wa beseni moja.

Usidhani huu ni ubishi wa wasomi wasio na kazi. Saa hii ya kuhesabu kreta ndiyo inayotumika kukadiria umri wa sehemu za Mirihi, Zebaki na kwingineko, kwa sababu huko hakuna aliyeleta mawe kutoka sehemu zinazojulikana. Ukiikosea saa Mwezini, umeikosea kila mahali. Mfano mzuri ni Chang'e-5, iliyorudi Desemba 2020. Ilileta mawe ya volkano ya miaka bilioni 2 hivi, wakati kati ya bilioni 3 na bilioni 1 saa yetu haikuwa na alama hata moja ya uhakika. Gramu 1,731 zikajaza pengo la umri la sayari nzima.

Kuna na suala la uhai. Dalili nzuri za viumbe wa kwanza duniani zina umri wa miaka bilioni 3.5, na zipo zinazodaiwa kuwa za zamani zaidi. Kama palikuwa na dhoruba ya bilioni 3.9, uhai ulianza mara tu baada ya janga, au uliponea chupuchupu. Kama ilikuwa mvua inayopungua, basi huenda ulipata muda mrefu zaidi wa kujaribu.

Na dhahabu je?

Niliahidi Nyamongo. Hebu tufike.

Dhahabu inapenda chuma. Dunia ilipokuwa changa na bado imeyeyuka, chuma kilikuwa kizito, kikazama katikati na kutengeneza kiini. Dhahabu, pamoja na platini na jamaa zake, ilipaswa kuzama nacho karibu yote. Ukipiga hesabu ya moja kwa moja, gamba la Dunia lisingekuwa na dhahabu ya kutosha hata kwa mchimbaji kujisumbua kununua moko. Lakini ipo. Imetoka wapi?

Jibu linalokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba ililetwa. Baada ya kiini kujifunga, mawe ya angani yaliendelea kuanguka na kuongeza kitu kama nusu ya asilimia ya uzito wa Dunia. Mawe hayo yalikuja na dhahabu yao, na safari hii hapakuwa tena na chuma kinachozama cha kuibeba kwenda chini. Mwaka 2011 Matthias Willbold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol walipima madini ya tungsteni kwenye miamba ya Isua, Greenland, yenye karibu miaka bilioni 3.8, wakakuta tofauti ndogo mno kati yake na miamba ya leo. Walieleza kwamba miamba ile inabeba kumbukumbu ya Dunia ya kabla ya mzigo huo wa mwisho kuchanganyika. Wapo wenye maelezo mengine, kwamba chini sana, kwenye mgandamizo mkubwa, dhahabu haikuvutwa na chuma kwa nguvu tuliyodhani. Lakini maelezo ya mawe ya angani ndiyo yaliyosimama vizuri zaidi hadi sasa.

Naomba usinielewe vibaya. Dhahabu ya Nyamongo haikuanguka Nyamongo kama ilivyo. Mzigo ule ulichanganyika ndani ya Dunia nzima. Baadaye, zaidi ya miaka bilioni moja baadaye, miamba ya ukanda wa Mara ilipokuwa inakunjwa na kupasuka, maji ya moto sana yalipanda kwenye nyufa yakiwa yameyeyusha dhahabu kidogokidogo kutoka chini, na yalipopoa yakaiacha pale pamoja na yale mawe meupe ya kwatzi. Kwa hiyo mchimbaji mdogo anayepeleka mawe kwenye karasha anasaga kazi ya hatua mbili: mawe ya angani yaliyoleta, na maji ya moto yaliyokusanya. Hatua ya pili tunaweza kuisoma kwenye miamba ya Mara. Ya kwanza Mara imeifuta. Inasomeka juu pale.

Ukitaka kujionea

Huhitaji chombo cha mabilioni. Omba darubini ya macho mawili, kama zile wanazobeba waongoza watalii Serengeti. Usiangalie mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu jua linaupiga usoni na hakuna vivuli. Angalia siku ya saba au ya nane baada ya mwezi kuandama, ukiwa nusu. Fuata ule mstari unaotenganisha mwanga na giza. Pale jua linachomoza, na kingo za kreta zinatoa vivuli virefu, kama vichuguu wakati wa asubuhi. Siku mbili tatu baadaye Imbrium nayo itatoka gizani, duara kubwa jeusi lililozungushiwa milima. Mwezi ukiwa mpevu kuna kimoja tu cha kutafuta: Tycho, na mistari yake mieupe inayosambaa pande zote. Hiyo ni vifusi vya pigo la miaka milioni 100 na kidogo iliyopita, jana tu kwa kalenda ya Mwezi.

Na ukiwa shambani au malishoni ukakutana na jiwe zito kuliko linavyoonekana, lina ganda jeusi kama limeungua, halifanani na majirani zake, na sumaku inalishika, usilipasue. Andika ulipolikuta, lipige picha likiwa hapohapo, kisha uwasiliane na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania kule Dodoma au idara ya jiolojia ya chuo kilicho karibu. Mara tisa kati ya kumi itakuwa chuma cha kawaida cha ardhini. Ila SaU 169 nayo, kabla ya kupimwa, ilikuwa jiwe la kijivu tu chini.